KIKULACHO KI NGUONI MWAKO: KUKU, VIRUSI NA SARATANI

(Hotuba iliyotolewa katika bwalo la shule siku ya Mkutano Mkuu wa Wanafunzi wa Zamani. Inachapishwa hapa kwa ombi la wajumbe.)



Kamati iliniomba nizungumze juu ya jambo la sayansi, kwa kuwa wasemaji wa miaka iliyopita walizungumzia biashara, uongozi na michezo, na wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita wakanung'unika kwamba wamesahauliwa. Nimeitikia wito huo. Lakini yanipasa niseme kwanza mimi ni nani, asije mtu akaondoka hapa akidhani amemsikiliza daktari. Mimi ni mtumishi wa Serikali, ofisa utumishi. Baiolojia na kemia nilizianza katika maabara ile pale, nikaendelea nazo Chuo Kikuu, kisha kazi ikanipeleka kwenye mafaili. Maabara niliiacha, kusoma sikuacha.

Nimechagua kuzungumza juu ya saratani, ambayo wengi tunaiita kansa, na sababu ni kazi yangu yenyewe. Maombi ya likizo ya ugonjwa hupita mezani kwangu. Mtumishi mwenye malaria huja siku ya pili au ya tatu. Mwenye uvimbe wa titi au wa shingo huja baada ya mwaka, mara nyingine miwili. Mama mmoja wa masjala, mchapakazi hodari, nilimwuliza kwa nini alikaa na uvimbe muda wote ule bila kumwambia mtu. Akanijibu kwamba aliogopa wenzake wasije wakamtengea kikombe cha chai. Na habari zilipojulikana, walimtengea kweli. Wako waliosema amerogwa, na wako waliosema ugonjwa wake unaambukiza. Mama huyo hatunaye tena.

Basi neno ninalotaka kulieleza leo ni moja. Saratani haitumwi na mtu. Chanzo chake ni jeni zetu wenyewe, zile zile zinazotukuza tangu tumboni mwa mama, zinapoharibika na kukosa mtu wa kuzizuia. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Wataalamu walichukua zaidi ya miaka 60 kulithibitisha neno hilo, na aliyewafundisha alikuwa kuku.

KUKU WA NEW YORK

Mwaka 1909 mfugaji mmoja alimpeleka kuku wake, wa aina iitwayo Plymouth Rock, katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, Marekani. Kuku yule alikuwa na uvimbe mkubwa kifuani. Aliyempokea ni mtaalamu kijana, Peyton Rous. Alichukua vipande vya uvimbe akavipandikiza katika kuku wengine wa uzao ule ule, nao wakaota uvimbe. Hapo hapakuwa na ajabu kubwa, maana alikuwa amehamisha chembe hai zenye ugonjwa.

Ajabu ilifuata baadaye. Rous aliusaga uvimbe, akauchanganya na maji ya chumvi, kisha akayapitisha maji hayo katika chujio laini mno, ambalo chembe hai haipiti wala bakteria hapiti. Maji yaliyopita akawadunga kuku wazima. Wakaota uvimbe vile vile. Mwaka 1911 alitangaza matokeo yake: kumbe kulikuwa na kitu kidogo kuliko bakteria kilicholeta saratani. Leo twakiita kirusi cha Rous.

Wengi hawakujali. Walisema hayo ni mambo ya kuku, hayamhusu binadamu. Rous mwenyewe akaweka kazi hiyo kando kwa miaka mingi, akashughulikia mambo mengine. Mwaka 1966 alipewa Tuzo ya Nobel, akiwa mzee wa miaka 87. Tangu atangaze hadi atunzwe ilipita miaka 55. Wadogo zangu, mkirudishiwa mtihani wa majaribio wenye alama mbaya, mkumbukeni mzee huyo.

MASJALA YA CHEMBE

Ili kuelewa kirusi kile kilifanya nini, niruhusuni nitumie mambo ya ofisini, ambayo ndiyo nayajua.

Chembe hai ni kama ofisi. Ndani yake mna masjala, na humo limefungiwa faili kuu, yaani DNA. Faili hilo halitoki masjala. Kazi ikitakiwa, hutolewa nakala ya ukurasa unaohusika. Nakala hiyo ni RNA. Nakala hupelekwa kwa mafundi, nao wanatengeneza protini kama walivyoagizwa. Ukurasa mmoja wenye agizo la protini moja ndio tunaouita jeni. Binadamu ana kurasa za namna hiyo kama 20,000 hivi.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba njia ni moja tu: kutoka faili kwenda kwenye nakala. Mwaka 1970 Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kwa utafiti wake, walionyesha kwamba virusi vya jamii ya kile cha Rous vinakwenda kinyume. Kirusi kinaingia na nakala tu, yaani RNA. Kimebeba na kimeng'enya chake cha kuigeuza nakala hiyo iwe DNA. Kisha DNA hiyo hupachikwa katikati ya faili kuu la chembe, ikawa kama ukurasa halali. Kuanzia hapo ofisi inakitumikia kirusi bila kujua. Kwa sababu ya mwendo huo wa kurudi nyuma, virusi hivyo vikaitwa retrovirusi. Temin na Baltimore, pamoja na Renato Dulbecco, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1975.

Sasa, kirusi cha Rous kina jeni nne tu. Tatu ni za mahitaji yake: ya kutengeneza kiini chake, ya kimeng'enya chake, na ya ganda lake la nje. Ya nne, iitwayo src, hakiihitaji kabisa ili kuzaana. Jambo hili lilidhihirika mwaka 1970, Steven Martin wa California alipopata kirusi ambacho jeni hiyo iliharibika kidogo kiasi cha kushindwa kuvumilia joto. Kwenye joto la nyuzi 36 hivi, chembe zilizoambukizwa ziligeuka kuwa za saratani. Joto lilipopandishwa hadi nyuzi 41, zikarudi kuwa na sura ya kawaida, huku kirusi kikiendelea kuzaana kama kawaida. Ndugu zangu, fikirini jambo hilo. Jeni moja ikiwashwa, saratani, ikizimwa, salama.

UKURASA ULIOIBWA

Swali likawa, kirusi kimepata wapi jeni kisichoihitaji? Wako walioamini kwamba ni silaha yake cha asili. Mwaka 1976 Dominique Stehelin, Harold Varmus, Michael Bishop na Peter Vogt walitoa jibu. Walitengeneza kipande cha DNA kinachoitambua src peke yake, kama sumaku iokotavyo sindano ndani ya pumba, wakakitumia kuitafuta src katika chembe za kuku mzima, asiye na ugonjwa wowote. Wakaikuta. Wakatafuta kwa bata, kwa bata mzinga, hata kwa emu, yule ndege mkubwa wa Australia. Wakaikuta. Baadaye ikaonekana kwa wanyama wanyonyeshao, nasi binadamu tukiwamo.

Maana yake ni hii: jeni ile ilikuwa mali ya kuku tangu zamani. Kirusi kilipopachika DNA yake katika faili la kuku fulani, wakati wa kutoka kilichana na ukurasa wa jirani kikaondoka nao. Kilikuwa kimeiba. Tena virusi vingi vya namna hii vilipoteza baadhi ya kurasa zao wenyewe kwa kubeba mali ya wizi, hata haviwezi kuzaana bila msaada wa kirusi kingine kizima. Kwa ugunduzi huo Bishop na Varmus walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1989. Jeni za namna hii zinapokuwa zimeharibika huitwa onkojeni. Zikiwa nzima ndani ya chembe nzima, ni watumishi wema.

KARANI WA MUHURI

Mtu mwerevu atauliza: kama src ni yetu, mbona haituletei saratani tangu kuzaliwa? Hili ndilo lenye utamu.

Mwaka 1978 ilijulikana kwamba protini inayotokana na src ina kazi ya kubandika kemikali iitwayo fosfati juu ya protini nyingine. Na muda mfupi baadaye Tony Hunter na mwenzake Bartholomew Sefton wakaonyesha kwamba huibandika mahali maalumu, penye asidi amino iitwayo tairosini. Fosfati hiyo ni kama muhuri wa ofisi. Karatasi ikigongwa muhuri, kazi inaanza: chembe igawanyike, ijishikize, au isogee. Src, basi, ni karani wa muhuri.

Karani mwaminifu hufungia muhuri wake mtotoni mwa meza, akautoa tu pale amri inapofika. Src ya kawaida ina mkia, na katika mkia huo mna tairosini ya namba 527 ambayo nayo hugongwa fosfati na protini nyingine. Mkia ukigongwa, unajikunja na kuifunga src isifanye kazi. Huo ndio ufunguo wa mtoto wa meza. Lakini src iliyoibwa na kirusi ilikatika mkia wakati wa wizi. Tairosini ile haimo. Karani huyo hana wa kumfungia: anagonga muhuri usiku na mchana, kila karatasi inayopita. Juu ya hayo, kirusi kina swichi zake zenye nguvu zinazoamuru protini hiyo itengenezwe kwa wingi kuliko kawaida.

Matokeo yake huonekana katika sahani ya kioo ya maabara. Chembe nzima hutandaa kama mkeka, safu moja, na zikigusana zinaacha kugawanyika. Zilizoingiwa na src ya kirusi zinaviringana, zinaachia pale ziliposhika, zinapandiana juu kama chungu ya mchanga, wala kugusana hakuzizuii. Ndani ya mwili, hiyo chungu ndiyo uvimbe.

Iko na njia ya pili. Wako retrovirusi wa kuku wasiobeba jeni yoyote ya wizi. Hao huleta saratani polepole, baada ya miezi, na siri yao ilijulikana mwaka 1981. Kirusi hupachika DNA yake popote, kwa bahati nasibu. Siku moja katika chembe moja hutua jirani na jeni ya chembe iitwayo myc, na swichi yake kali ikaiwasha jeni hiyo isizimike tena. Mgeni hakuiba kitu. Alikaa tu karibu na swichi ya mwenye nyumba.

KUTOKA KWA KUKU HADI MULAGO

Hapo mtasema, hayo ni ya kuku. Nataka sasa tuje nyumbani.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa amwone mtoto mwenye uvimbe wa mataya. Alipoanza kutazama kwa makini akaona wengine wengi, na mwaka 1958 akaandika habari zao. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari maili 10,000 hivi, kutoka Uganda kupitia nchi zetu hizi hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waliona kwamba ugonjwa huo unafuata nchi za joto na mvua, kule kule kwenye malaria nyingi. Vipande vya uvimbe kutoka Uganda vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona kirusi ndani ya chembe zake. Kirusi hicho si retrovirusi, wala hakibebi myc. Watu wengi duniani wanacho bila kuugua saratani yoyote.

Lakini wataalamu walipochungulia kromosomu za uvimbe wa Burkitt, walikuta kipande cha kromosomu ya 8 kimekatika na kuhamia katika kromosomu ya 14, penye jeni za kutengeneza kinga ya mwili, ambazo huwashwa kwa nguvu sana. Na katika kipande kilichohama ilikuwamo jeni gani? Mwaka 1982 jibu lilipatikana: ilikuwamo myc, ile ile iliyojulikana kwanza kwa sababu kirusi cha kuku kiliiba nakala yake. Mtoto wa Kampala na kuku wa maabara waliharibikiwa ukurasa mmoja, kwa njia mbalimbali.

Mwaka ule ule ilionekana kwamba hata kirusi hahitajiki. Katika chembe za saratani ya kibofu cha mkojo, jeni iitwayo ras, iliyokwisha julikana kutokana na retrovirusi wa panya, ilitofautiana na ya mtu mzima wa afya kwa herufi moja tu. Faili la binadamu lina herufi kama bilioni 3. Moja ilibadilika, na karani mwingine akakosa kufungiwa muhuri wake.

Nani hubadili herufi? Moshi wa tumbaku, jua kali juu ya ngozi, sumukuvu ya mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, na makosa ya kunakili yanayotokea chembe inapogawanyika. Kosa moja kwa kawaida halitoshi. Zinazo chembe zetu jeni nyingine za kuzuia, mithili ya wakaguzi wa hesabu, na mpaka hao nao waharibiwe ndipo saratani inakamilika. Ndiyo maana mara nyingi huchukua miaka mingi, na huwapata zaidi watu wazima.

ELIMU HII IMETUFAA NINI

Ndugu Mwenyekiti, mtu wa ofisi hupenda kuuliza gharama na faida. Nitatoa mfano mmoja. Iko saratani ya damu ambayo ndani yake kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande, na jeni iitwayo abl ikaunganishwa na jeni isiyo yake. Abl nayo ilijulikana kwanza katika retrovirusi wa panya, na kazi yake ni ile ile ya kugonga muhuri juu ya tairosini. Kwa kuwa karani alijulikana, ilitafutwa dawa ya kumziba mkono. Ikapatikana, jina lake imatinib, ikaruhusiwa Marekani mwaka 2001. Ni kidonge cha kumeza. Wagonjwa wengi waitumiao kila siku wanaishi miaka mingi wakifanya kazi zao, katika ugonjwa ambao zamani uliwamaliza wengi kwa miaka michache. Na ule uvimbe wa Burkitt ni katika saratani zinazoweza kupona kwa dawa, mtoto akifikishwa hospitali mapema.

Sasa nirudie yale maneno ya ofisini. Je, saratani inaambukiza kwa kikombe? Haiambukizi. Jeni iliyoharibika katika titi la mtu haitoki ikaingia kwako kwa chai, kwa shuka wala kwa mkono. Hakuna retrovirusi anayejulikana kumletea binadamu saratani kwa kubeba jeni ya wizi kama afanyavyo yule wa kuku; kwa hiyo na kuku wa leo mchana kuleni bila hofu. Viko virusi vya namna nyingine vinavyoongeza hatari, kama kile cha saratani ya mlango wa kizazi na kile cha homa ya ini aina ya B, na hivyo vina chanjo. Mwenye binti, mwenye mtoto mchanga, ampeleke akachanjwe. Je, saratani ni uchawi? Mchawi gani huyo angeweza kuchagua herufi moja katika bilioni 3?

Anayemtenga mgonjwa huwafundisha wengine kumi kuficha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na ofisini kwangu nimeviona vyeti vyake. Ninawaomba ninyi mlio wakuu wa idara, wa shule na wa makampuni: mtumishi akija na uvimbe, mpeni ruhusa siku hiyo hiyo aende hospitali, na kikombe chake kikae na vingine.

Kwenu ninyi wadogo zangu, nawaachia hesabu. Mlolongo niliousimulia uliunganishwa na mtu wa kuku, mtu wa panya, mpasuaji wa Kampala aliyekuwa na gari na maswali, na watazamaji wa kromosomu. Hakuna hata mmoja aliyeujua mwisho wake alipoanza. Nchi zetu zina magonjwa ambayo hayajaandikiwa sura ya kwanza, na yanawangoja ninyi.

Na kwetu sisi wa zamani: asubuhi hii nilipita maabara ya baiolojia. Wanafunzi watano wanapokezana hadubini moja, na sahani za kuchungulia ni zile zile tulizozikuta sisi. Napendekeza mchango wa mwaka huu usiende kwenye lango jipya la shule; ununue hadubini. Mimi nimekwisha mkabidhi Ndugu Mweka Hazina fungu langu kabla ya kupanda hapa, naye anakaa karibu na mlango kwa makusudi.